Pampu Lazima Iangalie Ndani

Jumatatu, 9 Juni

Utelezi mwekundu umerudi. Jana niliusugua wote kwa mswaki wa zamani wa Lanny (nadhani ulikuwa wa zamani). Leo umelala tena juu ya mchanga wa tangi langu la samaki kama blanketi, umepanda mawe, na nyuma ya mawe ndiyo usiseme. Una viputo. Unanuka.

Wateja wameanza kugeuza viti. Wanaokaa karibu na tangi wanakula lumpia zao, yaani sambusa zetu za kuviringisha, wakiutazama ukuta. Lanny ameona. Mke wangu hajawahi kuona nikikata nywele, lakini hili ameliona mara moja. Akaja na kisu cha kukatia machipukizi ya mianzi mkononi, akasema Emak, mama yake, anatimiza miaka themanini Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, ukoo mzima utakula hapa dukani, na kama siku hiyo tangi bado linanuka hivi, kaka yake atalichukua. Siku hiyohiyo. Mahali pake zitawekwa meza mbili.

Kaka yake! Koh Swan! (Koh ni kaka. Namwita hivyo kwa sababu ni shemeji mkubwa, si kwa sababu amestahili.) Tangi lake ni pana kama kitanda, na maji yake ni mangavu mpaka unadhani samaki wanaelea hewani. Kumbe wameshazungumza kwa simu. Nafasi anayo, anasema. Atakuja na ndoo zake mwenyewe. Mtu mwema kweli!

Sikubali. Wale samaki wawili wa rangi ya chungwa nimewalea tangu wakiwa wadogo kama ukucha. Na yupo Nyonya. Nyonya ni tumbawe langu la kijani, mfano wa uyoga mkubwa, akifunguka ana vidole vingi visivyohesabika, vyote vinapunga. Sasa ni wiki ya tatu hajafunguka. Amejikunyata kama mtu aliyenuna. Nampenda Nyonya kuliko ninavyoweza kumwambia mtu yeyote, hasa Lanny.

Kitabu kinasema pampu za mkondo zipige ukuta au zitazamane, ili maji yazunguke kote na pasiwe na kona inayolala. Sawa. Lakini aliyeandika kitabu hana duka. Mimi nilimleta Suhu Bing, bingwa wa hongsui, ile elimu ya Kichina ya kupanga nyumba ili bahati iingie, akazunguka na dira yake kila pembe, akatamka: maji ni mali. Maji yakiangalia mlango, mali inatoka. Yakiangalia ndani, mali inaingia. Basi pampu zangu zote mbili zinaangalia ndani, moja kwa moja kwenye droo ya pesa. Haziguswi. Tatizo liko kwingine.

Jumanne, 10 Juni

Nimepima maji. Unatia matone ya dawa kwenye kichupa, unatikisa, unalinganisha na rangi zilizo kwenye karatasi. Njano, salama. Pinki, jihadhari. Yangu imekuwa nyekundu kupita rangi ya mwisho ya karatasi! Maana yake mabaki ya chakula yameoza majini, na utelezi unafanya karamu. Nikapima tena. Vilevile. Huenda dawa ni mbovu. Samaki wanakula punje chache tu asubuhi, nawalisha mimi mwenyewe. Mabaki yatoke wapi?

Emak alikuwa kwenye kiti chake kando ya tangi. Baba mkwe alipofariki, Emak aligoma kushuka ngazi. Chakula juu, televisheni juu, machozi juu. Tangi lilipoletwa akashuka siku moja kuangalia kelele ni za nini, na tangu hapo hushuka kila asubuhi. Anawasalimu samaki kama anavyowasalimu wateja: mmeshakula? Ndiyo salamu yetu wote hapa. Ila Emak huwa anasubiri jibu.

Leo aliniuliza kile kichupa ni sharubati ya nini. Nikamwambia ni sayansi. Akasema basi asinywe mtu.

Mpango umepatikana! Badili maji. Si ya chumvi ya paketi, maji yenyewe ya bahari. Semarang yote imekaa juu ya bahari, na mimi nakoroga chumvi kwenye ndoo kama mpumbavu. Nimeazima madumu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda upande wa bandari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka suruali imelowa. Wavuvi waliacha kazi wakaja kutazama. Mmoja akaniuliza hayo maji ni ya nini. Nikamwambia ya samaki wangu. Akacheka mpaka akakaa chini: "Koh, samaki wetu wenyewe wanayakimbia hayo maji, ndiyo maana tunavua mbali!" Wivu tu.

Maji yalikuwa ya kahawia kidogo. Nikajua yatatulia. Nikamimina madumu yote.

Hayakutulia. Tangi likawa chai ya maziwa. Halafu kitu kikapanda kioo kutoka ndani, kikakaa ukingoni, kikanitazama. Samaki wa matope! Yule mwenye macho juu ya kichwa, anayetembea kwa mapezi kama mzee anayetafuta miwani. Akaruka mezani kwa mteja, kati ya mchuzi na pilipili. Mteja akapiga picha. Watoto wake wakashangilia. Kwa muda mfupi biashara ilikuwa nzuri kweli.

Lanny hakushangilia. Amenilazimisha kuyatoa yale maji ndoo kwa ndoo na kurudisha ya chumvi ya paketi. Samaki wa matope nimempeleka mferejini kwa heshima zote. Samaki wa chungwa wako hai, wananitazama vibaya. Nyonya hajafunguka. Utelezi umefunguka vizuri sana.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimekuwa jasusi. Nilikwenda kwa Koh Swan, nikisema nimekuja kuulizia idadi ya wageni wa Emak. Chupa ya chai nimeificha kwenye mfuko, tupu. Nia: kuchota maji yake. Maziwa ya mgando unayazalisha kwa kijiko cha mgando wa jana, si ndivyo? Basi na maji safi yaweza kuzalishwa kwa maji safi.

Koh Swan akaanza darasa kabla sijavua viatu. Gun, mkondo wako unakwenda upande mmoja tu. Gun, nyuma ya mawe maji yamelala, uchafu unajikalia pale. Gun, geuza hizo pampu zipige kioo cha nyuma, zimeshikwa na sumaku tu, kazi ya dakika. Nikamuuliza kama anajua hongsui. Akasema anajua samaki. Nikamhurumia. Ndiyo maana duka lake la vyuma halijawahi kupanuka. (Ana maduka mengine mawili, lakini lile la kwanza halijapanuka.)

Alipoingia jikoni kunitafutia peremende za tangawizi, nikachota. Chupa imejaa! Nikatoka nikitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Nyumbani nikaiweka mezani, nikaenda kuvua shati. Kurudi, Emak yuko kwenye karai, kichwa nyuma, anasukutua koo. Chupa tupu. Akasema maji ya chumvi ndiyo dawa pekee ya koo, na kwamba mimi ndiye mkwe pekee anayemfikiria. Akanipapasa shavu.

Nikamwambia karibu, Emak.

Jumatatu, 16 Juni

NIMEMPATA MCHAWI.

Nilikuwa navuta utelezi kwa mpira wa maji (ukivuta kwa mdomo umeze mate kabla, si baada), mpira ukakwama nyuma ya jiwe. Nikachomoa. Kamba! Kipande cha kamba aliyekaangwa, na uzi wa chipukizi la mwanzi. Nikachimba. Vingine vingi, vimeoza, vimerundikana mahali palepale mkondo usipofika. Ni ujazo wa lumpia. Ujazo wetu, na kitunguu saumu chake!

Hujuma! Na nani anafaidika tangi likifa? Nani ana ndoo tayari? Jana alikuja kumwona Emak, akasimama mbele ya tangi muda mrefu, mikono nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamwaga unga wa kukandia lumpia sakafuni kulizunguka tangi, nikaupapasa ukawa laini. Mwenye hatia ataacha nyayo. Lanny alikuwa sokoni.

Baada ya chakula cha mchana nyayo zikaonekana. Zinatoka kwenye kiti cha Emak mpaka kwenye tangi, na kurudi kwenye kiti cha Emak. Ndogo. Za ndala zilizotoboka kisigino cha kushoto. Ndala za Emak.

Nilikaa nikafikiri sana. Jibu ni moja. Koh Swan alivaa ndala za Emak.

Lanny aliporudi nikamweleza. Akatazama unga, akatazama nyayo, akanitazama mimi. Akauliza miguu ya kaka yake, ambayo ni kama mitumbwi, iliingiaje humo. Nikamwambia hilo ndilo linaloonyesha jinsi alivyojipanga. Amenipa ufagio.

Jumatano, 18 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mgongo unawaka.

Jana nimeshinda mikono ndani ya maji, nikiokoteza kamba mmoja mmoja, shati limelowa, feni inanipuliza. Leo asubuhi kichwa kizito, tumbo limejaa, natetemeka. Emak akanigusa shingo, akatoa hukumu: nimeingiwa na upepo. Hapa kwetu hakuna ugonjwa mwingine. Ukivunjika mguu, upepo umeingia mguuni.

Akanivua shati dukani palepale kando ya tangi, akanipaka mafuta, akaanza kunikwaruza mgongo kwa sarafu ya zamani ya marehemu. Mistari myekundu huku, mistari myekundu kule. Kila nilipopiga yowe alifurahi, maana ndipo upepo ulipo. Wateja wakanipa pole kwa midomo iliyojaa.

Huku akikwaruza alikuwa anatazama tangi. Akauliza kile kidude cheusi ndani ya maji kinafanya nini. Nikasema kinasukuma maji. Mchana na usiku? Mchana na usiku. Usoni kwa lile ua la kijani? Nikasema ndiyo, yuko njiani kidogo. Akaacha kukwaruza.

"Ee Gun! Hata mwenye nyama na mifupa kama wewe feni imekulaza siku moja. Yule masikini anapigwa upepo mwezi mzima, atafunguka vipi? Hata mimi ningejifunika shuka!"

Nikamwomba asimpake Nyonya mafuta, kwa jina la mababu wote. Akasema yeye si mjinga, mafuta hayashiki kwenye maji. Atajua la kufanya. Nadhani atachoma udi.

Nimepelekwa juu. Uji mtupu, hakuna cha kukaanga, hakuna kamba, mpaka upepo utoke.

Ijumaa, 20 Juni

Bado juu. Bado uji. Emak amekataza nishuke ngazi kabla ya Jumapili, na Lanny amechukua viatu vyangu.

Nina huzuni, nikiri. Jumapili watalibeba. Samaki watanisahau, akili ya samaki naijua. Lakini kila nikifikiria Nyonya ndani ya ndoo ya Koh Swan, nageuza mto upande wa pili. Na Emak je? Akipoteza lile tangi si atarudi juu na kukaa na televisheni? Hilo Lanny hakulifikiria. Mimi mwenyewe nimelifikiria leo tu, kwa sababu nimekaa juu siku mbili na nimeona kulivyo.

Lanny alileta uji. Akasema harufu imepungua dukani. Akasema amevuta utelezi uliobaki kwa mpira na mpaka leo haujarudi. Akasema kwa sauti ya upole. Ndipo nilipojua hali ni mbaya. Lanny hawi mpole bure, ananiandaa.

Sijakata tamaa! Mpango wa mwisho: kitambaa chekundu cha sherehe. Alfajiri ya Jumapili nitashuka pekupeku, macho nimefumba nisije nikalia, nilifunike tangi lote. Nitasema ni pambo la Emak. Nani atathubutu kufunua pambo la bibi wa miaka themanini?

Jumapili, 22 Juni

Kitambaa kilikaa vizuri. Kila mtu alikisifu. Tambi ndefu za maisha marefu zikaliwa, mayai mekundu yakagawiwa, Emak kwenye kiti chake na shali mpya. Koh Swan akafika na ndoo. Amezipanga mlangoni kwa ukubwa.

Nikasimama mbele ya kitambaa. Nikatoa hotuba juu ya mapambo na heshima kwa wazee. Ilikuwa hotuba nzuri. Emak akaikatiza: "Gun, toa hilo pazia, samaki nao wanataka kuona tambi!" Akavuta mwenyewe.

Nikafumba macho. Nikafumbua jicho moja.

Maji mangavu! Mchanga mweupe! Samaki wa chungwa wanazunguka kama bibi harusi na bwana. Na Nyonya. Nyonya wangu! Amefunguka wote, mpana kama sahani, vidole vyote nje, vinapunga kwangu. Nimelia. Mbele ya ukoo, na tambi mdomoni. Sioni haya kuandika.

Koh Swan akachuchumaa, akachungulia nyuma ya mawe, akainuka akitikisa kichwa. Akasema hakuna tena kona iliyolala. Pampu zimegeuzwa zipige kioo cha nyuma, mkondo unarudi laini na kuzunguka kote, ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Akanipongeza mbele ya watu. Gun, hatimaye umesikia.

Pampu zimegeuzwa?!

Emak akainua kijiti chake cha kulia. Ni yeye. Amezigeuzia ukutani ili upepo usilipige lile ua usoni. Na samaki amewakatia chakula pia. Mgonjwa wa upepo hapewi cha kukaanga wala kamba, alisema. Gun alikula uji, na wao wakala zile punje zao kavu alizowapa Lanny asubuhi. Wakipona atawapikia tena. Kwani Gun alidhani kamba wa kila siku walikuwa wanatoka wapi? Samaki wenyewe wembamba vile! Aliwauliza kama wameshakula, hawakusema ndiyo hata siku moja.

Koh Swan alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akanishika mabega: Gun, nakuomba, hapo palipo usiguse kitu. Chochote. Akazipakia ndoo zake garini bila kinyongo. Lanny akasema tangi linabaki, kisha akaninong'oneza kwamba hata yeye angehuzunika likiondoka. Emak akajongeza kiti karibu na kioo, akabaki hapo mpaka wageni wa mwisho walipoondoka.

Sijawahi kuwa na siku kama hii. Nina furaha mpaka vidole vya miguu.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeamka nikiwa mzima na kichwa changu kinafanya kazi vizuri sana. Nimepima maji. Njano! Basi nikakaa kutafakari sababu yenyewe ni ipi.

Ni maji ya bahari. Wazi kabisa. Yalihitaji muda tu, na Lanny hakuyatoa yote. Chembe zilizobaki zimefanya kazi yao kimyakimya. Wavuvi watanitafuta. Pia nadhani Koh Swan, alipoona nyayo zake zimejulikana, aliogopa akaacha hujuma. Sitamshtaki. Mshindi husamehe.

Kuhusu kugeuza pampu, Emak alifanya kwa upendo na sitamwambia neno. Lakini ziliangalia ukutani karibu wiki nzima! Na wiki nzima droo ya pesa ilikuwaje? Sikuwepo kuihesabu, na hilo lenyewe linatia shaka. Nimezirudisha zote mbili ziangalie ndani. Sumaku tu, kazi ya dakika.

Emak alipoona, akauliza kuhusu upepo. Nikamwambia upepo ni hatari kwa mgonjwa, na hawa wameshapona. Alifurahi sana. Akasimama palepale, akaenda jikoni, nikamsikia akiuliza kamba wakubwa wako wapi. Afadhali. Bibi wa umri ule akiwa na shughuli, nyumba yote inapata baraka.

Mchana Nyonya ameinama kidogo, upande wa droo. Nadhani ananisalimia.

Jioni nimechungulia nyuma ya jiwe. Kuna doa dogo, kama punje ya mchele. Jekundu. Nimemwita Lanny aje aone mwenyewe, maana hata mtoto hapa anajua nyekundu ni rangi ya bahati.